WAPAGANO WA LEO KATIKA INCHI YA ISLANDI: IMANI YAO NA MAISHA YAO YA KILA SIKU



Katika mabishano yetu ya siku ya posho mangaribi kuna swali moja ambalo halimaliziki. Wamoja wanasema: «Wazungu walituletea Injili, na leo wengine wao wanarudilia miungu ya mababu zao. Basi kwa nini sisi, tukimwanga pombe kidogo juu ya kaburi la koko, tunaitwa wapagano?» Wengine wanajibu: «Ni uongo. Muzungu hawezi kuabudu sanamu.» Halafu makelele inakuwa mingi, kengele inalia, na kila mutu anakwenda kulala na mawazo yake ya mbele.

Sisi wakubwa wa madarasa tuliona si vizuri kubishana juu ya jambo bila kulijua. Njo maana tumetafuta, tumesoma, na sasa tunawaeleza. Hatuandiki kusudi mutu aache imani yake. Tunaandika kwa sababu amri ya tisa inatukataza kusema uongo juu ya jirani, hata jirani anayekaa mbali katika inchi ya barafu. Tena Mutume Paulo, alipofika Atene, alizunguka kwanza muji, akaangalia mazabahu zao na kusoma maandiko yaliyokuwa juu yake. Nyuma yake ndipo alifungua kinywa (Matendo 17). Mutu asiyezunguka kwanza, maneno yake hayana uzito.

1. HAO NI WATU GANI?

Kwanza neno lenyewe. Mupagano, kwa Kifaransa païen, ni neno lililotoka katika Kilatini. Mwanzoni lilikuwa jina la mutu wa kijiji tu. Polepole likageuka kuwa jina la mutu asiyebatizwa, halafu likawa tusi. Katika Ulaya ya leo kuna watu ambao hawaoni haya ya jina lile. Wanalivaa kwa mapenzi yao.

Wanapatikana katika inchi nyingi: Norwe, Uswidi, Denmarki, Uingereza, Ujerumani na Marekani. Lakini tumechagua kueleza zaidi habari za Islandi, kwa sababu ni kule imani hii iko wazi, inaandikwa katika vitabu vya Leta, na watu wanaifwata bila kujificha.

Islandi iko kisanga kikubwa upande wa kaskazini kabisa. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 103,000 hivi. Kongo yetu inaweza kuimeza zaidi ya mara makumi mbili. Watu wake wote ni karibu 390,000. Zaidi ya nusu yao wameandikwa katika Kanisa la Kilutheri, ndio kusema Waprotestanti kama sisi. Humo katikati yao, watu zaidi ya 5,000 wameandikwa katika chama cha wapagano.

Imani yao wanaiita Asatru. Maana yake ni kuwaamini miungu ya jamaa ya Odin na Thor. Wengine wanapenda zaidi kusema «desturi ya zamani», kwa sababu wazee wao hawakuwa na neno la pekee la kusema dini. Waliijua paka desturi: namna ya kuishi, ya kula, ya kuzika, ya kupokea wageni.

Miungu yao ni mingi. Odin ni wa hekima, wa mashairi, wa vita na wa wafu. Ana jicho moja tu, kwa sababu lile lingine alilitoa kwa kununua akili. Thor ni wa ngurumo. Anabeba nyundo, na walimaji walimupenda kwa kuwa anawakinga watu. Frey na dada yake Freyja wanaangalia mavuno, mapendo na uzazi. Frigg ni bibi ya Odin. Tyr ni wa ushujaa na wa sheria. Alipoteza mukono wake wa kuume katika kinywa cha imbwa wa pori. Miungu hii haikuumba vitu vyote kama tunavyomwamini Mungu wetu, tena haiishi milele bila mwisho: nayo pia ina siku yake ya kufa.

2. NAMNA IMANI YA ZAMANI ILIVYOKATWA

Watu wa kwanza waliojenga Islandi walitoka zaidi Norwe, karibu na mwaka wa 870. Katika mwaka wa 930 waliweka baraza kubwa lililoitwa Althingi, pahali panapoitwa Thingvellir. Hawakuwa na mufalme. Kila mwaka, mwezi wa sita, walikutana pale kusikiliza sheria na kukata maneno.

Karibu na mwaka wa 1000, Olaf Tryggvason, mufalme wa Norwe aliyekuwa Mukristo, aliwatia nguvu wabatizwe. Aliwakamata hata watu wa Islandi waliokuwa kwake, wakawa kama rehani. Katika baraza watu wakagawanyika sehemu mbili, kila moja ikasema itakuwa na sheria yake. Damu ilikuwa karibu kumwangika. Ndipo wakampa neno lote Thorgeir, musema-sheria wao, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mupagano.

Thorgeir aliingia katika kibanda chake, akalala chini, akajifunika vazi lake muchana na usiku, bila kusema na mutu. Kesho yake alisimama mbele ya wote. Aliwaonyesha kama wakigawanya sheria, watagawanya na amani. Halafu akakata neno: wote wabatizwe, inchi iwe na sheria moja. Lakini aliacha mambo matatu: kutupa watoto wachanga wasioweza kulishwa, kula nyama ya farasi, na kutoa zabihu kwa miungu ya zamani kama hakuna mushahidi anayeona. Nyuma ya miaka michache mambo yale nayo yakakatazwa. Vitabu vinasimulia kama wengi walikataa kubatizwa katika maji ya baridi ya Thingvellir. Walingoja mupaka kufika kwenye chemchemi ya maji ya moto!

Tunacheka, lakini tufikiri. Inchi nzima ilibatizwa kwa kura ya mutu mumoja, kusudi vita isiingie. Ilikuwa akili nyingi. Lakini ubatizo wa namna ile unaingia kwanza katika sheria. Kuingia katika moyo ni safari ingine.

3. MIUNGU ILIYOJIFICHA KATIKA KALENDARI

Kabla ya kuendelea, fungueni daftari zenu za Kifaransa na za Kiingereza. Siku za juma tunazoandika kila asubuhi juu ya ubao ni majina ya miungu. Mardi ni siku ya Mars, mercredi ya Mercure, jeudi ya Jupiter, vendredi ya Vénus: miungu ya Roma. Waingereza na wandugu zao wa kaskazini walitia miungu yao pahali pa ile ya Roma: Tuesday ni siku ya Tyr, Wednesday ya Odin, Thursday ya Thor, Friday ya Frigg. Miaka zaidi ya elfu moja ya Ukristo imepita, na majina yangali pale.

Watu wa Islandi peke yao walifanya ingine. Wanasimulia kama askofu mumoja wa kwao, Jón Ögmundsson, aliyekufa mwaka wa 1121, alichukia kusikia Wakristo wakitaja miungu ile kila juma, akaiondoa. Tangu pale Tuesday kwao ni siku ya tatu, Wednesday ni katikati ya juma, Thursday ni siku ya tano, Friday ni siku ya kufunga. Wanahesabu kama sisi katika Kiswahili chetu, tunaposema siku ya kwanza, siku ya pili, mupaka siku ya posho. Tofauti ni hii tu: wao wanaanza hesabu kwa siku ya Mungu, na sisi tunaanza kesho yake.

4. NAMNA ILIVYOAMUSHWA

Basi, kama sheria iliua desturi ile, nani alitunza habari zake? Jibu linashangaza: ni Wakristo. Karibu na mwaka wa 1220, Snorri Sturluson, Mukristo na mutu mukubwa wa inchi, aliandika kitabu kinachoitwa Edda. Alitaka vijana wasisahau ufundi wa mashairi ya zamani, na mashairi yale yalijaa habari za miungu. Karibu na mwaka wa 1270 mutu mwingine, ambaye jina lake halijulikani, aliandika juu ya ngozi mashairi yenyewe. Kitabu kile kidogo kilipelekwa kwa mufalme wa Denmarki mwaka wa 1662, kwa sababu Denmarki ilitawala Islandi. Kilirudishwa kwao katika mwezi wa ine, mwaka wa 1971, kwa mashua ya vita, na watu maelfu walisimama kwenye bandari kukipokea. Sisi tuliosoma habari za sanamu zetu zilizopelekwa Ulaya tunaweza kusikia furaha ya siku ile.

Mwaka uliofwata, tarehe 20 ya mwezi wa ine 1972, watu wachache walikutana Reykjavík, muji mukubwa wa Islandi, wakaanzisha chama cha Asatru. Mukubwa wao alikuwa Sveinbjörn Beinteinsson, mulimaji na mushairi, mwenye ndevu ndefu, aliyezaliwa mwaka wa 1924 na kufa mwaka wa 1993. Wakaenda kwa waziri kuomba Leta iwakubali. Watu wangali wanasimulia kama nyuma ya maongezi yale umeme wa mbingu ulipiga na taa za muji zikazimika. Wakasema Thor amejibu! Askofu wa Kilutheri hakupendezwa. Lakini sheria kubwa ya Islandi, tangu mwaka wa 1874, inamupa kila mutu ruhusa ya kumwabudu Mungu kama moyo wake unavyomutuma. Katika mwaka wa 1973 Leta ikawakubali. Tangu pale mukubwa wao anaweza kufungisha ndoa na kuzika watu, na ndoa yenyewe inahesabiwa kweli. Tena chama chao kinapata sehemu yake ya franga za kodi kwa kila mutu wao aliyefika miaka 16, sawasawa na makanisa.

Tangu mwaka wa 2003 mukubwa wao ni Hilmar Örn Hilmarsson, mutunga muziki. Mbele yake, mwanamuke, Jónína Kristín Berg, aliwaongoza kwa muda. Katika mwaka wa 2015 walianza kujenga nyumba ya ibada juu ya kilima cha Öskjuhlíð, ndani ya Reykjavík, na kazi ikachukua miaka mingi kuliko walivyotumaini. Wanaojua ujenzi wa kapela za kwetu watawasikilia huruma.

5. SIKUKUU ZAO

Mukutano wa ibada yao unaitwa blót. Zamani neno lile lilikuwa zabihu ya nyama: walichinja farasi au nguruwe, damu ikamwangwa. Chama cha Islandi hakichinji tena. Leo mambo yanakwenda hivi. Watu wanasimama duara inje, hata kama upepo ni mukali. Muongozi anawasha moto na kutangaza amani: hakuna mutu wa kugombana pahali pale. Anasema maneno au mashairi ya zamani. Halafu pembe ya kunywea inazunguka kutoka mukono kwa mukono. Kila mutu anataja anayetaka kumuheshimu, mungu fulani, ao mababu, ao roho za inchi; anakunywa kidogo, na kidogo anamwanga chini. Nyuma yake wanakula pamoja.

Sikukuu kubwa ni ine. Ya kwanza iko katika mwezi wa kumi na mbili, wakati usiku ni murefu kuliko zote; siku zile, katika Reykjavík, jua linaonekana kwa saa ine tu. Wanawasha moto kwa kungoja jua lirudi. Ya pili iko mwezi wa ine, siku ya kwanza ya wakati wa joto. Ya tatu wanaifanyia Thingvellir, mwezi wa sita, pahali pa baraza la mababu. Ya ine iko mwezi wa kumi, siku ya kwanza ya wakati wa baridi. Kalendari yao ya zamani iligawanya mwaka sehemu mbili tu, joto na baridi, kama wazee wetu walivyougawanya kwa mvua na kiangazi.

6. MAISHA YA KILA SIKU

Sasa tunafika kwenye kiini cha swali. Mupagano wa leo, akiamuka asubuhi, anafanya nini?

Kwanza, anakwenda kazini. Ni mwalimu, ni dereva, ni muuguzi, ni muvuvi. Havai ngozi wala kofia ya pembe (tena wajuzi wanatuambia kama watu wa zamani wa kaskazini hawakuvaa kofia za pembe vitani, ni wachoraji waliozileta). Pengine utamujua kwa kitu kimoja tu: nyundo ndogo ya Thor inayoning'inia shingoni, kama wengine wanavyovaa musalaba.

Nyumbani, wengi wanaweka meza ndogo ao rafu. Juu yake munapatikana bakuli, mushumaa, jiwe kutoka kwao, sanamu ndogo, pengine foto za babu na bibi. Hakuna sala tano wala saba zilizoamriwa. Mutu anasimama, anasema maneno machache, anamimina bia, maziwa, hata kahawa, na baadaye anaimwanga chini ya muti. Kwa nini wanatoa? Kwa sababu, kwa mawazo yao, kutoa ni kufunga urafiki. Ukipewa, unapashwa kurudisha. Ukirudisha, urafiki unakaa. Kwa Kiswahili tunasema: mukono mutupu haulambwi. Hawapigi magoti kuomba kama mutumwa. Wanasimama kama mutu anayesema na mukubwa wa jamaa yake.

Pili, ni watu wa desturi zaidi kuliko watu wa kukiri imani. Hawana Biblia inayoamuru, wala katekisimo. Ukiwauliza kama Thor ni mutu kweli, utapata majibu mbalimbali: mumoja atasema ndiyo, mwingine atasema ni nguvu ya ngurumo, wa tatu atasema ni mufano wa kufundisha watu ushujaa. Wote watatu watakaa kwenye moto mumoja bila ugomvi. Kwetu sisi Waprotestanti, ambao tunabatizwa nyuma ya kujibu maulizo, jambo hili ni gumu kufahamu.

Tatu, kuna mashauri ya wazee. Katika mashairi ya zamani muna moja linaloitwa Hávamál, ambalo limejaa maonyo ya maisha. Linafundisha kumupokea vizuri mugeni aliyetoka katika baridi, kutokunywa pombe mupaka akili kupotea, kuchunga ulimi kati ya watu usiowajua, kumutembelea rafiki mara kwa mara kusudi njia isiote majani, na kutafuta sifa njema, kwa maana hiyo haifi pamoja na mwili. Mutu akisoma haya bila kuona jina la kitabu, angesema ni muzee wa kijiji chetu anayesema jioni kando ya moto.

Ine, neno lililosemwa ni kitu kizito. Kuna karamu yao ambapo watu wanakunywa kwa zamu tatu: ya kwanza kwa miungu, ya pili kwa mababu na mashujaa, ya tatu kila mutu anasema kazi aliyoifanya ao anaweka ahadi. Ahadi ile wote wameisikia. Asipoitimiza, haya ni yake na ya jamaa yake.

Tano, wanaheshimu inchi. Wanasema majiwe makubwa, milima na mito ina wenyeji wasioonekana. Sheria ya zamani ilikataza mashua yenye kichwa cha joka kukaribia pwani ya Islandi na kichwa kile kikiwa wazi, kusudi wenyeji wale wasitishike. Hata leo, katika alama ya Leta ya Islandi, munaonekana walinzi wane wa inchi: joka, ndege mukubwa, ngombe dume na jitu. Na walioiweka ile alama ni Wakristo!

Sita, wana njia zao kwa mambo makubwa ya maisha: kumupa mutoto jina, kumuingiza kijana katika chama nyuma ya kumufundisha, kuoa kwa kiapo juu ya pete, na kuzika. Makaburini pa Gufunes, katika Reykjavík, wana sehemu yao.

7. HATARI MOJA KUBWA

Tusifiche upande mubaya. Katika Ujerumani, wakati wa Hitler, watu wake walichukua alama na hadisi za zamani za kaskazini kwa kujisifu kama damu yao inapita damu zingine zote. Tunajua ile ilifikisha dunia wapi. Hata leo, hasa katika Marekani, kuna vikundi vinavyosema miungu ya kaskazini ni ya Wazungu peke yao, na mutu mweusi hana ruhusa.

Lakini si wote. Chama cha Islandi kinakataa mawazo yale na hakiulizi mutu rangi ya ngozi yake. Katika mwaka wa 2016 vikundi vingi vya wapagano, vya inchi nyingi, vilitia mukono kwenye tangazo linaloitwa Azimio 127, na kukata urafiki na chama kimoja cha Marekani juu ya ubaguzi wake. Namba ile inatoka katika shairi la Hávamál, katika sehemu ya 127, inayofundisha kama ukiona ubaya, uutaje waziwazi na usifanye amani nao. Ni vizuri tujue, kusudi tukikutana na mutu mwenye nyundo shingoni, tusimukimbie bure wala tusimufwate bure. Tumuulize kwanza anasema nini juu ya watu.

8. SISI TUNAFIKIRI NINI?

Walioshangaa kama Wazungu wana mababu wapagano, wasishangae tena. Wamisioneri wa Uswidi na wa Norwe waliofika Kivu tangu miaka ya 1920, ambao makanisa mengi ya kwetu yalizaliwa kwa kazi yao, walikuwa wajukuu wa watu waliomuita Thor wakati wa ngurumo. Injili haikuzaliwa kwao. Nao waliipokea kwa wageni, pengine kwa mahubiri, pengine kwa upanga wa wafalme. Basi hakuna taifa lililo na Injili kama mali ya damu yake, na hakuna taifa la kuliita lingine washenzi. Hii peke yake inatosha kuzima nusu ya mabishano yetu.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi: «Wao wanarudi, na sisi je?» Tunajibu kwa uwazi. Imani haipimwi kwa kuangalia Muzungu anafanya nini. Kama tulimufwata Kristo kwa sababu Muzungu alimufwata, tulijenga juu ya muchanga. Na kama tutamuacha kwa sababu Muzungu amemuacha, tutakuwa tungali watumwa wake. Sisi tunaamini kama Yesu ni Bwana, na juu ya hiyo hatutoi kinywaji kwa Thor wala kwa roho za makaburi. Lakini tunamuamini kwa moyo, si kwa amri.

Na amri tunaijua. Katika mwaka uleule wa 1972, wakati watu wale wachache walikutana Reykjavík, Leta ya Zaire iliamuru wazazi wetu na babu zetu waache majina ya kikristo na kuchukua ya kizaire. Jean akakuwa mwingine katika kitambulisho. Je, moyo wake uligeuka siku ile? Hapana. Thorgeir naye aligeuza inchi nzima kwa siku moja, na miaka 972 nyuma yake mulimaji mumoja aliomba ruhusa ya kurudilia. Amri inageuza karatasi. Moyo unangoja kuitwa. Njo maana hatupendi kusikia mwanafunzi wa kidato cha chini akichekwa kwa sababu koko yake anamwanga pombe mulangoni. Kicheko hakijapata kumuleta mutu kwa Kristo.

Kuna tofauti moja ingine, na hii tunaomba muikamate vizuri. Desturi ya wale watu ilikatika zaidi ya miaka mia tisa. Leo wakitaka kujua mababu walisema nini, wanapashwa kufungua kitabu. Na pahali kitabu kinanyamaza, wanabahatisha. Sisi, wazee wetu wangali wanasema. Koko anajua majina ya watu kizazi cha saba. Anajua muti gani haukatwi na kwa sababu gani, hadisi ya mulima, wimbo wa kuanika muhogo, mezali mia mbili. Lakini mambo yake hayaandikwi, na kila mwaka tunazika vitabu tusivyovisoma.

Snorri alikuwa Mukristo. Hakumwabudu Odin. Lakini alijua kuandika hadisi ya mababu si kuwaabudu, na bila kalamu yake watu wake wangekuwa leo bila ukumbusho. Mukristo anayeheshimu baba na mama anaweza kufanya kazi ile bila woga.

Basi, wandugu, tunatoa neno moja kwa wote watakaokwenda likizo ya kiangazi. Kila mumoja achukue daftari moja, hata la kurasa 48. Akae na muzee wa jamaa yake, aulize kwa heshima, asikatize maneno, aandike katika luga yenyewe namna muzee anavyosema, na atie tarehe na jina la kijiji. Muzee akisema jambo tusilolikubali kama Wakristo, aliandike vilevile. Tutalizungumza baadaye na muchungaji. Daftari zitakazorudi tutazipokea kwenye ofisi ya bulteni, na tutaomba Prefe aziweke katika biblioteki, ndani ya kabati lenye ufunguo, kwa sababu ya mchwa.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita